Raba za Breki za Maganga

Harufu ya solusheni, ile gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, hainipiti puani hata leo bila kunirudisha Kigwa. Nikikaribia kwa fundi baiskeli hapa Gongoni ninakoishi, huvuka barabara, na wajukuu wangu hudhani nalikwepa jua. Harufu hiyo ilijaa uani kwetu mwaka serikali ilipotuhamishia kijijini humo, kaka yangu Maganga alipokuwa akizibaziba magurudumu kila jioni na mama akimgombeza kwa kumchafulia mkeka. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetolewa kwenye maskani yetu ya zamani, nyumba zikaezuliwa, tukapangwa kwa mistari karibu na reli. Wakubwa walinung'unika chinichini. Sisi watoto tulifurahi, maana majirani walikuwa wengi na shule ilikuwa karibu.

Jirani mmoja alikuwa Mzee Chilewa, kibarua wa reli. Yeye Mgogo, sisi Wanyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani. Wazee walisema utani huo ulianzia kwenye misafara, babu zetu walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo kwenda pwani, wakagombania maji, kisha wakapatana. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakamata kuku wako bandani, akabeba hata sufuria ikiwa jikoni, nawe huruhusiwi kununa. Unakwenda kukomboa kitu chako, mnacheka, yamekwisha. Na ukifiwa, mtani ndiye anayechimba kaburi na kuwachekesha wafiwa. Mtani hakasirikiwi, hilo nililijua kabla sijajua kuhesabu. Kila asubuhi nilipomwamkia shikamoo, Mzee Chilewa aliitikia, "Marahaba, mke wangu, mchafu kama ukoo wako mzima."

Basi yakatangazwa mashindano ya baiskeli ya vijana wa vijiji. Walipangiwa kufuata ile njia ya zamani ya misafara, inayopanda vilima vya mawe, ikashuka kwenye mabonde ya mchanga, ikapanda tena mpaka miguu inawaka moto. Mshindi angepelekwa Dar es Salaam kushindana na vijana wa mikoa mingine. Maganga hakuwahi kuiona bahari. Babu yetu aliifikia kwa miguu, meno ya tembo begani, na hadithi ile ilikuwa imemkaa kaka yangu rohoni. "Babu alikwenda kama punda," alikuwa akisema. "Mimi nitakwenda kwa garimoshi, tiketi ya serikali." Kwa miezi mitatu aliamka alfajiri kufanya mazoezi. Kibuyu cha asali aliyoirina mwenyewe alikipeleka mjini, kwenye duka la Mhindi, akabadilishana na raba mpya za breki. Siku moja alinipakia kwenye keria, tukateremka kilima kikubwa cha njia ile mimi nikipiga kelele mpaka koo likakauka. Tulipofika chini aliniambia nisiwe mwoga, breki zake zinashika.

Asubuhi ya mashindano nilimkuta Mzee Chilewa amechutama kando ya baiskeli ile, koleo mkononi, anachomoa zile raba.

"Mke wangu, usiseme," alininong'oneza. "Leo atazikomboa kwangu kwa jogoo."

Alinieleza kwamba atamsubiri stesheni, mahali pa kuanzia. Maganga akibonyeza breki kabla ya kuondoka atajua mara moja hiyo ni kazi ya nani. Niseme ukweli: nilicheka. Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa kanga ya mama, nikanyamaza, maana kumfichia mtani siri nako ni sehemu ya mchezo.

Kumbe mgeni rasmi alifika mapema, akataka mashindano yaanzie mbele ya ofisi mpya ya kijiji. Vijana waliitwa mbiombio, wakajipanga, filimbi ikalia. Maganga hakukagua kitu. Alikuwa amekagua jana yake. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake. Ningeweza kumwita. Nilidhani Mzee Chilewa yuko nyuma ya umati, atajitokeza wakati wowote, tucheke. Vumbi lilipotulia ndipo nikamwona akija mbio kutoka upande wa stesheni, jasho linamtiririka, raba zimo kiganjani.

Waliokuwa kilimani walisema Maganga alifika juu wa kwanza. Hata alipoanza kuteremka walimshangilia, wakidhani anaringa kwa mwendo ule. Walimrudisha kwenye kitanda cha kamba, vijana wanne wamekibeba, na kabla ya kuifikia zahanati alikuwa amekata roho.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Jioni ile Mzee Chilewa alikuja mwenyewe mbele ya wazee, akaziweka raba chini, akaeleza yote. Baba alimuuliza kitu kimoja tu, kama kuna mwingine aliyejua. Mzee Chilewa alinitazama nilipokuwa nimejibanza kwa mama, kisha akainamisha kichwa.

"Mimi peke yangu," alisema.

Kesho yake alichimba kaburi, kama desturi inavyotaka. Lilipokamilika alilala ndani yake, na hilo pia ni desturi: mtani hulala kaburini na hatoki mpaka apewe ada yake. Baadhi ya wanawake wakacheka kidogo katikati ya kilio. Mtu akamrushia kuku. Hakuinuka.

"Nifukieni," alisema. "Huu si utani. Nifukieni mimi, huyo mrudisheni nyumbani."

Baba akashuka kaburini na kanzu yake, akamshika makwapani. "Toka, mtani," alimwambia. "Hapa ni pa mwanangu." Wakapanda pamoja, baba amemshikilia kiunoni.

Siku hizi vijana wanashindana kwenye vilima vyetu wakiwa na kofia ngumu, na breki zao hushika kwa kuguswa na kidole kimoja. Jambo kama lile leo lingekwenda polisi, na huenda ndiyo haki. Utani wenyewe umebaki maneno ya kuchangamshia harusi. Baba aliendelea kula sahani moja na Mzee Chilewa mpaka mzee yule alipofariki. Nami nilikwenda kumzika, mtani wake, niliyepaswa kumtania, na neno moja halikunitoka. Baba naye akafa bila kujua.

Watu husema zamani tulikuwa na utu kuliko sasa. Mimi nilimwona baba akimsamehe mtu mbele ya kijiji kizima, na mtu huyo alikuwa amejitwika kosa langu juu ya lake. Yeye alisamehewa. Mimi hakuna aliyenisamehe, kwa sababu sikumwambia mtu.