Na Unyaufu Je?

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili sifa zote zinazofuata zimwendee mama bila ubishi.

Mama analima mikorosho Rutamba. Siku hizi malipo ya korosho hayapiti mkononi. Chama cha msingi cha wakulima hupeleka jina lako, na fedha huingia benki. Mimi ndiye mwanawe niliyesoma, mwalimu wa hesabu Lindi mjini, kwa hiyo siku ya kumfungulia akaunti niliongoza njia kifua mbele. Nikamfungulia kama yangu: akaunti ya hundi, yenye kadi inayong'aa, ujumbe wa simu kila senti inapotikisika, na kitabu cha hundi. Gharama sikuuliza. Kuuliza gharama mbele ya kijana aliyevaa tai niliona ni ushamba.

Kitabu cha hundi kililala sandukuni pamoja na vitenge vyake. Hakuwahi kukifungua. Amwandikie nani hundi Rutamba, muuza dagaa?

Fedha za msimu mama huziacha zilale mpaka mikorosho inapokaribia kutoa maua. Hapo ndipo anapozihitaji, kwa dawa ya salfa, mafuta ya mashine ya kupulizia na vibarua. Mwaka ule alipokwenda kuzichukua alizikuta zimepungua. Hakuna aliyeiba. Ilikuwa ada ya mwezi, ada ya kadi, ada ya ujumbe, ada ya kile kitabu, kidogo kidogo kama mchwa. Mikorosho ya bondeni, aliyoipanda na marehemu baba, ikakosa dawa. Ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, ukaingia, maua yakakauka yakawa meusi. Mama hakunilaumu. Alisema tu kwamba fedha zimenyauka, akarudi kupalilia. Ningeona nafuu kama angenigombeza.

Neno hilo ni la ghalani. Korosho zikikaa kwenye gunia hukauka na kupungua uzito, nasi tunaita unyaufu. Mkulima wa kwetu hakabidhi gunia lake kabla hajajua atakatwa unyaufu kiasi gani. Nimelisikia tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Haikunijia hata siku moja kwamba linaweza kuvuka mlango wa benki.

Msimu uliofuata mama alisema anahama, twende benki nyingine. Safari hii yeye mbele, mimi nyuma nimeshika kitambulisho chake na picha ndogo. Dada wa dirishani alimpa shikamoo, mama akaitikia marahaba, akaketi na kuiweka kanga yake sawa mapajani, taratibu, kama mtu asiye na gari la kuwahi. Yule dada akazisifu akaunti zao moja baada ya nyingine. Mama akamwacha amalize.

"Yote mazuri, mwanangu," akasema. "Na unyaufu je?"

Dada akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu. Bado nilikuwa naona aibu, naungama.

Mama akamweleza bila haraka: nikiweka gunia langu kwenye ghala lako, nisiliguse miezi sita, nitalikuta na uzito gani? Yule dada akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka, akavuta karatasi ya gharama na kuanza kuisoma kutoka juu. Kila ada mama aliuliza ni ya kazi gani, na kama yeye hiyo kazi haitaki, atakatwa vilevile? Kadi hakuitaka, kwa kuwa hutoa mara moja kwa mwaka, tena dirishani. Ujumbe wa simu hakuutaka. Ilipotajwa hundi alinitupia jicho. Akauliza kiasi cha chini cha kuacha ndani, akauliza hata kufunga akaunti ni shilingi ngapi, kabla hajaifungua. Mwishowe dada mwenyewe akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ipo akaunti ya akiba ya wakulima isiyo na ada ya mwezi, ila watu huwa hawaiulizii. Mama yangu aliishia darasa la nne. Nilimwonea fahari.

Tulipotoka nje akaniuliza akaunti yangu hunyauka kiasi gani kwa mwezi. Mimi, mwalimu wa hesabu, nikamwambia sikuwahi kuuliza.

Majira ya maua yalipokaribia akaenda kuchukua fedha zake. Zilikuwepo zote, isipokuwa ada ya kutolea dirishani, ambayo alikwisha kuijua. Bondeni kukapuliziwa kwanza. Nilikuwa nimekuja na bahasha yenye kile kilichokatwa mwaka ule kwa ujinga wangu, nikamwekea mkononi. Akaitazama, akanirudishia.

"Zile zilizokatwa nilinunulia swali," akasema. "Hii kalipie ada ya kuifunga hiyo akaunti yako."

Jumatatu nikaenda. Kuifunga nako kulikuwa na ada, na mara hii niliuliza kwanza.