Propela Iliyopimwa Hewani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo najishika mdomo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, nimevaa ovaroli la kiume nililolikunja mikono, na nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa Kilosa. Ukiniona leo nikipepeta mchele na miwani yangu puani utadhani nilizaliwa bibi. Sivyo. Nimelala chini ya magari kuliko wewe ulivyolala kwenye godoro lako.

Gereji yetu ilikuwa ng'ambo ya reli. Mwenyewe aliitwa Fundi Mwinjuma, mzee mwembamba asiyepandisha sauti, aliyenifundisha kazi tangu tulipokuwa wote kwenye karakana ya shamba la mkonge. Shamba lilipopunguza watu aliondoka, na mimi nikamfuata. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, vitu vilivyokuwa vimeadimika vikaanza kuonekana, na magari ya Kijapani yaliyotumika yakawa yanateremshwa bandarini kila kukicha. Yaliyopata ajali kwenye barabara kuu pale Mikumi, kwa kugonga nyati au kukwepa tembo, sisi tuliyafungua na kuchukua vilivyo vizima.

Sasa Fundi Mwinjuma alikuwa na desturi moja iliyonichosha roho. Kabla hajapima chochote kwenye gari, alimuuliza mwenye gari, "Gari lako linabeba nini?" Akijibiwa mpunga, tunapakia magunia ya mpunga. Akijibiwa watu, tunawaomba watu wa jirani waingie wakae. Gari likishadidimia ndipo anaingia chini na fito yake ya kupimia. Sisi vijana tulimcheka chinichini. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, maana magunia yale niliyabeba mimi.

Basi akaja Mzee Masanja wa Tindiga. Yeye na familia yake walikuwa wamehamia kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, na katika mahangaiko yake akanunua gari la zamani la Kiingereza, lile refu lenye mlango nyuma. Bodi yake ilikuwa ngumu na injini inaitika. Giaboksi ndiyo iliyokuwa imechoka, gia ya tatu inaruka yenyewe, na vipuri vyake havikuwepo tena. Akauza ng'ombe, akanunua giaboksi ya pikapu ya Kijapani iliyoanguka Mikumi. Hiyo ilikuwa na gia ya tano, ile ambayo mafundi wa mjini waliiita ovadraivu, inayoifanya injini ipumue wakati gari linakimbia. Kilosa nzima hakuna aliyewahi kuingiza gia tano kwenye gari la umri ule.

Tulihangaika nayo wiki mbili. Tukachonga bamba la kuiunganisha na injini, tukahamisha chuma kinachoibeba, tukapanua sakafu ili mkono wa gia utokee mahali pake. Ikabaki propela, lile bomba refu la chuma linalotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye magurudumu ya nyuma. Giaboksi mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo propela lazima ikatwe.

Hapo Fundi Mwinjuma akaitwa kwenye msiba Dumila. Aliniambia neno moja tu: "Tatu, kwenye propela ningoje."

Jumamosi asubuhi akaja Mzee Masanja, amekunja kofia mkononi. Mkewe, Mama Kabula, alikuwa amezibwa na ukungu macho yote mawili, anashikwa mkono hata kwenda chooni. Sasa wamesikia kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali ya Mikumi kuanzia Jumatatu, siku tatu tu, na haijulikani watarudi lini. "Fundi," aliniambia, "mimi sina mwingine wa kumkimbilia."

Mwanangu, ningeweza kupakia magunia siku ile ile. Saa moja tu ya kazi. Lakini Fundi hayupo, gari liko juu ya magogo, magurudumu ya nyuma yananing'inia, na mimi nimeshaingia chini. Nikajiambia, kipimo ni kipimo. Nikapima hivyo hivyo, nikapeleka propela kwa fundi wa mashine akaikata na kuiunga. Jumapili nikalijaribu gari peke yangu kwenye barabara ya Kimamba. Nilipotia gia ya tano injini ikatulia, nikasikia upepo tu dirishani. Nilipiga vigelegele peke yangu ndani ya gari, na sioni haya kukwambia.

Jumatatu tukaondoka, mimi kwenye usukani. Mama Kabula alikaa mbele, nyuma Mzee Masanja na ndugu zao wawili, na nyuma kabisa magunia ya mchele ya kula hospitali. Tukafika Ulaya, kile kijiji chetu ambacho watu hutaniana kwamba wamefika Ulaya bila pasipoti. Mbele kidogo kuna korongo. Gari liliposhuka na mzigo wake, likadidimia nyuma, nikasikia kishindo chini ya miguu yangu, kisha mlio wa chuma kinachosagana. Tukasimama. Mafuta ya giaboksi yakaanza kudondoka mchangani.

Niliingia chini na nikajua papo hapo. Propela ilikuwa ndefu. Gari likiwa hewani ilienea vizuri, lakini lilipobeba watu na mchele, bodi ikashuka nyuma, nafasi ikapungua, propela ikakosa pa kwenda, ikaisukuma giaboksi na kuvunja krosi, kile kiungo chake cha kupindia. Nikatoka, nikajifuta mikono. Mzee Masanja akauliza kuna nini.

Nikamwambia, "Giaboksi hizi za mtumba, mzee. Huwezi kujua ilikotoka ilikuwa na ugonjwa gani."

Hilo ndilo kosa, mwanangu. La propela lilikuwa la mikono, hili lilikuwa langu mwenyewe. Mzee wa watu aliinamisha kichwa, akijilaumu kwa kununua kitu kibovu. Mama Kabula alibaki ametulia kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwangu.

Basi la kwenda Mikumi lilikuwa mara mbili kwa wiki, na lijalo lingefika madaktari wameshafunga mizigo. Likapita lori la mahindi linaloelekea Kilosa. Nikafungua propela, nikapanda nayo. Wenyeji wa Ulaya wakalisukuma gari hadi kijijini, wakawapokea Mzee Masanja na watu wake.

Fundi Mwinjuma nilimkuta amesharudi msibani, anakunywa chai. Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mlipakia?"

Nikailaza propela mbele yake, nikamweleza habari ya Mama Kabula na madaktari. Akaichukua propela, akaitazama ncha iliyochubuka, akaiweka chini taratibu.

"Nikate tu kidogo, fundi, niwahi," nikasema.

"Ukate kiasi gani?"

"Kama inchi moja hivi."

"Kama," akasema. "Gari linaloning'inia halina kazi duniani, Tatu. Hakuna aliyelinunua lining'inie. Wewe umekipima kitu ambacho hakipo, halafu umemwachia mgonjwa akutane na kilichopo njiani." Akanywa chai yake. "Umemwambia Masanja ni nini kimevunjika?"

Nikamwambia nilichosema. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona haraka. Alinyanyuka tu, akaenda kuniletea baiskeli yake na fito yake ya kupimia, akaviegemeza ukutani. "Vipimo viko Ulaya," akasema. "Na maneno yako yako huko huko. Vifuate vyote."

Kulipokucha Jumanne nilikuwa njiani. Sikupumzika hata kwenye vilima. Kila nilipochoka nilimwona Mzee Masanja na kofia yake mkononi, nikakanyaga. Niliwakuta wamekaa barazani kwa wenyeji wao. Nikawaamkia, kisha nikasema kabla ulimi haujapata pa kujificha. "Giaboksi yako ni nzima, mzee. Propela niliipima vibaya, na fundi wangu alikuwa amenionya nimngoje. Jana nilikudanganya."

Mzee Masanja akaweka kofia yake chini. Nilisubiri matusi, nilikuwa nimejiandaa kuyapokea yote. Aliyejibu alikuwa mkewe. "Sasa unataka tufanye nini, binti?"

"Naomba mwingie garini, mama. Wote, na magunia yenu. Kila mtu akae alipokaa jana."

Wakaingia. Mama Kabula akashikwa mkono, akaketi. Nikalala mchangani chini ya mzigo wote ule, nikapima kwa fito, nikatia alama kwa kisu. Nikapima tena. Kisha nikaacha nafasi ya vidole viwili, kama Fundi alivyokuwa akiacha siku zote, ili chuma kipate pa kurudi gari likiingia shimoni. Nikageuza baiskeli.

Jioni ile propela ikakatwa sawasawa na alama. Alfajiri ya Jumatano niliifunga kwenye mtalimbo wa baiskeli kwa mpira, krosi mpya na mafuta kwenye mkoba, nikaondoka tena. Ilikuwa nzito na ilinigonga goti kila nilipokanyaga. Kovu lake ninalo. Asubuhi ya saa nne nilikuwa chini ya gari. Saa tano na nusu tuliondoka, na pale korongoni nilishusha gari polepole, nimebana pumzi. Likadidimia, likanyanyuka. Hakuna kilichogonga.

Mikumi tulifika madaktari wamebakiza watu wachache kwenye foleni. Muuguzi akasema orodha imejaa. Nilisimama mbele yake na ovaroli langu lenye grisi nikamwambia kosa ni la fundi, mgonjwa aliondoka kwao tangu juzi, na fundi ndiye mimi. Sijui kama alinihurumia au alitaka niondoke nisimchafulie ukuta. Mama Kabula akawa wa mwisho kuingia kupasuliwa.

Kesho yake akafunguliwa bandeji ya jicho la kwanza. Aliangalia dirisha, akamwangalia mumewe, akamwambia amezeeka. Kisha akanitazama mimi. "Kumbe ni wewe. Sauti yako ni ya mtu mnene." Tukacheka. Alipoacha kucheka akanishika mkono wenye malengelenge, akaugeuza, akausoma kwa jicho lake jipya.

"Siku ile uliposema giaboksi ni mbovu nilijua unadanganya," akasema. "Mtu asiyeona husikiliza sana. Nikasema moyoni, asiporudi kusema mwenyewe, mimi gari lake silipandi tena. Heri nikae na giza langu."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi tangu siku ile na sijasikia neno zito kuliko hilo. Mimi nilidhani macho yake yanategemea propela. Yalikuwa yanategemea kauli yangu pale barazani.

Kwa hiyo nakuusia. Umeniambia una mipango, una mchumba, unataka kuondoka nyumbani uanze maisha. Vizuri. Lakini usiupime mpango wako siku uliyoshiba na huna anayekutegemea. Uupakie kwanza. Mtie humo mgonjwa wako, mvua iliyokataa, mgeni aliyekuja bila taarifa, ndipo uingie chini ukaangalie kama unaenea. Mchumba wako naye, mtazame akiwa amechoka na amekasirika, usimtazame sikukuu tu. Uache na nafasi ya vidole viwili, maana mashimo yapo. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usitafute chuma kisichosema ukakisingizia. Rudi kwa uliyemkosea, hata kama ni kwa baiskeli na mlima, umwambie kabla hajakuuliza.

Mungu akupe mzigo unaokufaa na mgongo wa kuubeba, akuwekee njiani watu wa kukungoja, na siku macho yao yatakapofunguliwa wakikutazama, usiwe na haja ya kuinamisha uso wako. Nenda, mwanangu.