Ua la Mti wa Korongoni

Wapwa zangu, kwa miti mimi sina mpinzani. Shule niliikimbia darasa la sita, ila nionyeshe kijiti kikavu nitakwambia kilikuwa mti gani na kilikuwa na tabia gani. Mtu mmoja tu aliwahi kunishinda, naye ni mdogo wangu, mama yenu mdogo, yule mnayemwita Mama Gazeti.

Jina alilipata kazini. Miaka ishirini na saba alishinda katika chumba cha kuhifadhi mimea iliyokaushwa: makabati ya chuma mpaka darini, harufu ya dawa ya wadudu, meza moja dirishani. Mmea ukitoka porini unalazwa ndani ya gazeti kuukuu, unabanwa kati ya mbao mbili kwa mikanda mpaka ukauke. Yeye anaushona kwa uzi kwenye karatasi ngumu, kisha mtaalamu anaandika jina. Kwa hiyo kila nyumba aliyoingia, hata ya msiba, aliuliza kama kuna magazeti ya zamani.

Jumapili alipanda kilima kilicho nyuma ya mji, nami nyuma yake, nikihema na kujifanya nachunguza maganda. Siku moja, korongoni, akasimama mbele ya mti mdogo, kimo cha mtu na nusu, majani yaking'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride.

"Kaka, huu mnafahamiana?"

"Huu? Tumekua pamoja."

"Unaitwaje?"

"Sisi tulikuwa tunaitana kwa ishara."

Akacheka, akageuza jani, akalikwaruza, akalinusa.

Akanieleza. Kuna miti miwili iliyofanana majani kama mapacha. Mmoja umejaa kila kichaka. Mwingine ni wa asili ya vilima vyetu tu, na hakuna aliyeuona kwa miaka arobaini. Tofauti imo ndani ya ua: wa kawaida una nyuzi tano za chavua, wa nadra una kumi. Na mti wetu haukuwa na ua hata moja.

Wakati huo kampuni ya kokoto ilishaomba kukichimba kilima, na siku ya kikao cha kibali ilikuwa imepangwa. Mtaalamu hakumficha: "Niletee ua, nitaandika barua na kilima kitasalia. Bila ua siandiki."

Tukapanda kila siku wiki tano, magoti yangu yakinitukana. Siku tisa kabla ya kikao tukakuta matawi machache yamechanua, vijiua kama punje za mchele vimejificha chini ya majani. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akahesabu, akahesabu tena, akakaa chini kwenye mawe.

"Kumi, kaka."

"Piga picha basi, twende tukale."

"Picha haiingii kabatini. Wanataka ua lenyewe."

Akakata tawi moja, akalilaza kwenye gazeti, akakaza mikanda kama anamfunga mwizi.

Asubuhi ya kikao nilimbebea zile mbao hadi ofisini. Yeye akaingia kwa karani kuandikisha, mimi nikabaki kwenye benchi, feni inazunguka juu ya kichwa. Sasa mnisikilize, maana hapa sina la kujisifu. Pembeni mwa mbao kulichungulia ukurasa wa michezo. Gazeti la miaka mitatu nyuma, mechi yenyewe niliiona kwa macho yangu na tulifungwa. Lakini mkono ukalegeza mkanda, ukavuta ukurasa. Vile vijiua vilikuwa vimekauka na kuachia tawi. Feni ikavipeperusha kama makapi. Nilitambaa chini ya benchi, nikapata viwili, vikawa unga vidoleni mwangu.

Mtaalamu alifungua mbao mezani. "Majani mazuri sana. Ua liko wapi?"

Mdogo wangu akanitazama mara moja tu. Hakuhitaji kuuliza.

"Lilikuwepo. Nilihesabu kumi."

"Nakuamini, mama. Lakini siwezi kusaini imani."

"Kosa ni langu," nikasema. "Niandikeni mimi. Nitaapa."

"Mzee, kaa."

Nikakaa. Mimi ninayejua kunyamazisha harusi nzima, nikakaa. Kibali kikapita kabla ya saa sita.

Mchana huohuo tulipanda, ngazi begani mwangu. Maua yote yalikuwa chini, sisimizi wanayakokota, na matawini hapakuwa na tunda hata la kusingizia. Mdogo wangu alipita tawi kwa tawi, akiinua kila jani kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Nilitaka anitukane. Aliniambia nishike ngazi.

Mashine ilipofika alimfuata dereva. "Baba, nipe mwezi mmoja tu, uchanue tena."

"Mama, mimi naendesha tu."

Akasogea pembeni. Vumbi lilipotulia, korongo halikuwepo.

Jumatatu alirudi mezani kwake. Akalishona lile tawi lisilo na ua, mishono midogo iliyonyooka. Mahali pa jina mtaalamu akaandika "Haujatambuliwa". Nilimwambia achukue kalamu aandike jina mwenyewe, si analijua?

"Kazi yangu ni kushona, kaka," akasema, akakata uzi kwa meno na kulifungua kabati.