Mwewe Aliyeshushwa na Sukari

Saa moja kasoro asubuhi, vumbi la saruji bado halijaamka. Mwanamke mwenye kofia ngumu ya njano amesimama katikati ya eneo la ujenzi, shingo ameipinda nyuma, macho juu. Mkono wake wa kulia umenyooka, na kidole cha shahada kinachora duara hewani. Kule juu kreni inaitikia, na fungu la nondo linaiacha ardhi taratibu.

"Upepo unatoka kushoto, kaka," anasema kwenye redio ya mkononi.

"Nimeuona, dada," inajibu sauti kutoka kwenye kibanda cha vioo kilichoning'inia angani.

"Ameuona baada ya kuambiwa," anasema Mwewe, lakini ameshaachia kitufe cha redio ili asisikike.

Hapa kazini hakuna anayemwita kwa jina lingine. La Mwewe alilipata zamani, yeye mwenyewe alipokuwa mwenye kibanda kile, akiteremsha ndoo za zege mahali palepale zinapotakiwa bila kumwaga. Leo anayekaa juu ni mwanamume mtu mzima, mrefu, aliyepachikwa jina la Mzee Taratibu, ambaye wakati ule alikuwa akimpokea zamu tu. Mwewe yuko chini, anatoa ishara.

"Kazi ni kazi," anasema. "Ila usiniulize kama naipenda."

Mshahara wa chini ni mdogo kuliko wa juu, hilo halifichi, lakini silo linalomuuma. Kinachomuuma ni kile kiti. Akizungumza nawe, macho yanamtoroka, yanapanda ngazi.

Waendesha kreni wana desturi yao ambayo hutaikuta kwenye kitabu chochote cha mafunzo. Hawanywi maji. Kule juu hakuna choo, na ngazi ni ndefu kiasi kwamba ukishuka kwenda haja, watu wote huku chini wanakaa kukungoja wakikutolea macho. Kwa hiyo mtu hugusa maji wakati wa mapumziko ya mchana tu. Kwa mwanamke peke yake kati ya wanaume, desturi hiyo ilikuwa sheria.

"Nilikuwa ngamia," anasema, na kidogo anajivuna.

Ndiyo maana kiu ilipomvamia, miaka miwili iliyopita, alishtuka. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, hajawahi kulazwa isipokuwa kwa kujifungua. Ghafla akawa anashuka ngazi, anapanda, na kabla hajatulia anashuka tena. Wenzake wakamtania kuwa anajiandaa kwa mashindano. Msimamizi akampa pongezi za chinichini, akidhani ni mjamzito.

Mwewe akajitibu kwa dawa ya wenye kazi yao. "Nikasema, kama maji ndiyo yananishusha, basi sinywi hata tone, asubuhi mpaka jioni. Ulimi ukawa mkavu kama kipande cha kadibodi, na bado mkojo ulikuwa haukatiki. Nikaona aibu, nikanyamaza."

Mume wake ni fundi cherehani, na yeye ndiye aliyebaini kwa njia ya kazi yake. Alikuwa akimpunguzia suruali za kazi kiunoni, wiki hii moja, wiki ijayo nyingine.

"Mwanzoni nilidhani nakosea vipimo," anasema fundi huyo, miwani ikiwa puani na mguu juu ya pedali ya cherehani. "Nikanunua futi mpya. Futi mpya nayo ikasema yaleyale. Nikamwambia, mke wangu, kosa si la futi. Twende hospitali."

Zahanati walimpima, wakakuta sukari iko juu, wakampa vidonge na ushauri wa kupunguza mwili.

"Nipunguze mwili upi? Suruali ilikuwa inashikwa na kamba," anasema Mwewe.

Vidonge havikufua dafu. Asubuhi moja aliteremsha mzigo wake salama, akafunga mitambo, akashuka ngazi yote. Alipofika chini miguu ikagoma. Alizinduka wodini akiwa na dripu mkononi, na daktari akamweleza kuwa kisukari chake ni cha aina ya kwanza: kongosho lake limeacha kutengeneza insulini, na ataichoma kwa sindano maisha yake yote.

"Nikamwambia, daktari, huo si ugonjwa wa watoto? Akasema, hapana, mama, unaweza kumpata mtu wa umri wowote. Wengi huchelewa kugundulika kwa sababu kila mtu anadhani kama wewe."

Sindano hazikumliza. Alilia siku msimamizi alipomwambia kuwa anayetumia insulini haruhusiwi kupanda, kwa sababu sukari ikimshuka ghafla mzigo ukiwa angani, watakaoumia ni wengine. Alilia kwa sababu aliona wana haki.

Lakini kampuni ilimwachia mlango wazi. Amalize miezi sita bila sukari kushuka akiwa kazini, daktari aandike, naye atarudi juu. Asubuhi hii zimebaki wiki tatu.

"Kule juu, siku za ukungu, mji wote unapotea," anasema, na sauti inapungua. "Zinabaki paa za majengo marefu tu na wewe. Huku chini kila mtu ana neno la kukwambia. Kule ni mimi na upepo, basi. Nimepakumbuka mpaka kifua kinauma."

Mumewe anasema hata usingizini mikono yake hutembea juu ya blanketi, inavuta vishikio.

Saa nne hivi, kreni imebeba mbao juu ya ghorofa ambako mafundi wanasuka nondo. Mwewe anaongoza.  Ghafla jasho linamtoka usoni, ingawa jua bado halijakaza. Mikono yake miwili inanyooka pembeni, viganja chini: simama. Mbao zinatulia hewani.

"Shikilia hapo hapo, kaka," anasema kwenye redio, akitafuta maneno. "Usinifuate mimi. Mfuate msimamizi."

Anamkabidhi msimamizi redio, anakaa juu ya mifuko ya saruji, anatoa chupa ya juisi mfukoni na kuimaliza.  Mbao zinateremshwa salama, na mafundi kule ghorofani hawajui hata kama kuna lililotokea.

Msimamizi anarudi, anachuchumaa mbele yake. Ni mtu mkali, lakini leo anaongea kwa upole.

"Ni jua tu hilo, Mwewe, au sivyo?"

Ni wazi anachompa: kisingizio, ili tukio lisiandikwe. Mwewe anakitazama kibanda, kisha anamtazama yeye.

"Si jua, bosi. Ni sukari. Andika."

"Unajua tunaanza kuhesabu upya?"

"Najua."

Msimamizi anatoa daftari, anaandika, anaondoka. Mwewe anavuta kofia mpaka usawa wa nyusi na kulia kidogo, bila kujificha sana. Kisha anapima sukari, anaona imerudi sawa, anakula mkate wake.

Mchana Mzee Taratibu anashuka, magoti anayakanda kwa viganja. Anakaa karibu naye. Ameshasikia.

"Dada, nikuambie kitu," anasema. "Kile kiti cha juu sijawahi kukirekebisha. Kiko kwenye urefu wako vilevile ulivyokiacha. Nilisema usije ukapanda ukakuta kimebadilika."

"Miaka miwili?"

"Ndiyo haya magoti unayoyaona."

Mwewe anacheka, ingawa macho bado yana maji. Anamgawia nusu ya mkate.

"Kirekebishe, kaka," anamwambia. "Siku nikipanda nitakirudisha mwenyewe."