Nilijenga stesheni ya mzee wangu kwa mbao na gundi, tukagundua tenki la maji lilikuwa limeficha nini

Wakuu, salamu kutoka Sundbyberg, pembeni tu mwa Stockholm.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka. Leo naandika kwa sababu hili limenikuta mimi mwenyewe, na mzee wangu ameniruhusu nilisimulie. Jina la stesheni nimeliacha makusudi. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa milango ya treni za abiria. Miaka mitatu iliyopita nilijiunga na klabu ya watu wanaojenga reli ndogo, zile model railway. Tunakutana Jumamosi asubuhi kwenye basement ya jengo la flati.

Najua mtacheka. Mke wangu alicheka wa kwanza, mtu wa miaka hamsini anachezea treni. Siku hizi ananiuliza kabla ya mimi kusema kama Jumamosi naenda.

Wenzangu wengi ni wastaafu wa Kiswidi. Ukifika muda wa fika, ile kahawa yao na maandazi ya mdalasini, zinaanza stori za utotoni. Jinsi walivyosimama darajani na daftari kuandika namba za vichwa vya treni za mvuke. Stesheni gani ilikuwa na saa inayochelewa.

Siku moja wakanigeukia, wakataka kujua mimi nilianzia wapi.

Nikawaambia nimezaliwa kota za reli, reli ya kati, mbele ya Tabora. Mama alikuwa akianua nguo kila treni ilipopiga honi kule kwenye kona, maana masizi yangezirudisha kwenye beseni. Basement nzima iliweka vikombe chini kunisikiliza.

Aliyevutiwa zaidi ni Lennart, mzee wa miaka themanini kutoka Upplands Väsby. Alifanya kazi ya ishara za treni maisha yake yote. Akasema stesheni hiyo lazima niijenge.

Sasa wakuu, kuna jambo sikuwaambia siku ile.

Mzee wangu ndiye aliyekuwa akigeuza njia za reli pale stesheni. Anavuta mkono wa chuma, anahakikisha njia iko wazi, anapunga bendera ya kijani. Asubuhi moja alipunga bendera, treni ya mizigo ikaingia njia ya pili, ikagonga mabehewa mawili yaliyokuwa yamesimama pale. Zamu iliyotoka iliyaacha bila kumwambia.

Hakufa mtu, ila mchochea moto alivunjika mguu.

Mzee akafukuzwa kazi. Tukapewa wiki moja kuhama kota. Pale mtaani wakasema alikuwa amelewa, mtu ambaye hajawahi kuonja pombe. Nilikuwa na miaka tisa, na nakumbuka watoto wenzangu walivyoacha kuja kucheza kwetu.

Tangu hapo hakuizungumzia ajali ile. Ukimbana sana anakwambia, "Nilipaswa kuona." Basi.

Nilipoanza kujenga nilimpigia, yuko Morogoro kwa dada yangu. Nilidhani atakataa. Badala yake akawa ananipigia yeye, kunirekebisha. Paa la ofisi lilikuwa hivi, mlango ulifungukia huku. Miezi minane tukazungumza zaidi kuliko miaka yote ya nyuma.

Mwezi wa tatu mwaka huu kazi ikakaribia kuisha. Lennart akaja kukagua. Hawa jamaa hawaangalii model kutoka juu, wanainama mpaka jicho liwe usawa wa reli. Akaweka jicho pale kwenye mkono wa kugeuzia njia, akakaa hivyo muda mrefu.

Akaniuliza nani alikuwa akisimama hapo. Nikamwambia baba.

"Basi baba yako alikuwa haoni njia ya pili," akasema. "Tenki linaiziba."

Ni lile tenki la maji ya treni za mvuke, limekaa juu ya kibanda cha matofali. Nikainama na mimi. Kweli, nyuma ya kibanda yangeweza kukaa mabehewa mawili usiyaone kabisa.

Ikabidi nimsimulie habari yote. Lennart hakukimbilia kunipa moyo. Alisema kumbukumbu za mtoto si kipimo, nikapime upya.

Wiki ile sikuwa na raha. Kama nimelisogeza tenki kwa makosa, basi mzee anabaki na lawama yake, na mimi ndiye niliyeifukua.

Nikafungua picha za satellite. Stesheni imebaki gofu, lakini msingi wa kibanda bado unaonekana, na njia zote mbili pia. Nikapima mara nne. Nilikuwa nimekosea kama hatua moja tu, tena msingi halisi unaziba njia ya pili zaidi ya nilivyojenga.

Jumamosi iliyofuata nikapiga video call kutoka klabu. Nikashusha simu mpaka usawa wa reli, pale aliposimama yeye.

Mzee akasogeza uso karibu na simu. Kisha akaniambia nirudi nyuma kidogo. Nikarudi. Akaniambia nisogee kulia. Nikasogea.

"Tenki hilo lilijengwa msimu uleule wa ajali," akasema. "La zamani lilikuwa upande mwingine. Niliwaambia wakubwa sikuona. Niliwaambia mara tatu, hakuna aliyekuja kusimama pale."

Nikamtafsiria Lennart kwa Kiswidi. Lennart akachukua simu, akaniambia nitafsiri neno kwa neno.

"Mwambie nimefanya kazi hiyo miaka arobaini. Pale aliposimama, hata mimi ningepunga bendera."

Nikatafsiri. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akamuuliza Lennart treni za kwao zilikuwa zinajaza maji wapi. Wakaongea saa nzima, mimi katikati natafsiri mpaka kahawa ikapoa.

Dada anasema siku hizi mzee anaisimulia ajali ile mwenyewe, hadi kwa fundi aliyekuja kutengeneza bomba.

Nilichojifunza ni hiki. Mzee wako akisema "nilikosea," usiishie hapo. Muulize alikuwa amesimama wapi, kulikuwa na nini mbele yake, nani alimpokeza zamu. Mtu anaweza kubeba kosa lisilo lake miaka arobaini na nne kwa sababu tu hakuna aliyeinama kuangalia.

Kama nawe umekulia kota za reli, au una mzazi aliyefanya kazi kwenye treni za mvuke, tupia kumbukumbu zako hapa chini. Picha za zamani ndiyo kabisa.

Ila andikeni kwa adabu. Mzee anasomewa comments na dada kila asubuhi baada ya chai, na ameshasema atajibu mwenyewe.