Biskuti za Koko

Katika mji huu wa Ufaransa ninakoishi kuna duka dogo la biskuti na chokoleti. Mwenyewe akifungua tanuri, harufu ya siagi hufika barabarani, nami husimama.

Koko, mama yake Mama, alikuwa akioka biskuti kwa siagi ya ng'ombe wetu kule kijijini kwetu, Burungu. Asubuhi moja alikuwa anaoka za harusi ya dada yangu. Risasi zikalia kilimani. Mama akamvuta Koko mkono.

"Mama, tukimbie!"

"Mutangulie na batoto. Biskwi ikiiva, nitakuya nayo."

Tulimngoja katika mji wa Sake, kando ya barabara. Kila alipotokea mwanamke mzee mwenye beseni kichwani, nilikimbia kumpokea.

Milio ilipotulia, Papa, baba yetu, alirudi kumtafuta. Alikuja na beseni tu. Biskuti zilikuwa zimeiva vizuri, zimefunikwa kwa kitenge cha Koko.

"Na mama yangu?" Mama akamuuliza.

"Sikumuona. Niliita mupaka sauti ikaisha."

Mama akafunua beseni, akatugawia. Tulikuwa na njaa, tukala zote. Zilikuwa tamu sana.