Ndama Anakuja Doha, Nami Ndiye wa Kumvisha Kofia

Admin, ficha jina langu na kampuni usiitaje, maana hapa mtaani Muaither tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, Mkenya, nina mke na watoto nyumbani. Nalinda geti la jengo la ofisi hapa Doha, juani. Shule niliachia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie.

Baba yangu alikuwa mpiga gitaa wa kantri, zile nyimbo za kofia pana na buti ambazo watu wa kwetu wanazililia mpaka kwenye harusi. Hakurekodi hata wimbo mmoja. Alifundisha tu vijana. Ukija kwake unakamua ng'ombe na kufagia boma kwanza, gitaa baadaye. Na alikuwa na desturi yake: mwanafunzi akiondoka, anamtungia wimbo wa kumuaga na kuuimba mbele ya majirani. Ukiwa mtu wa maana, unasifiwa. Ukiwa takataka, unaimbwa utakataka wako wote kwa sauti tamu.

Sasa kuna mmoja. Simtaji, mnamsikia redioni. Alilala kwetu, akala kwetu, akavaa sweta zangu. Asubuhi moja akatoroka bila kwaheri, akaingia studio mjini na nyimbo za baba akaziita zake. Baba hakumshtaki. Alimtungia wimbo wake wa kuagwa hata kama hayupo: ndama aliyenyonya ng'ombe wa watu akashiba, kisha akaenda sokoni kujisifia unene. Majirani walicheka wakakaa chini. Mtu akaurekodi kwenye kaseti, ikazunguka.

Baadaye baba akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, maneno yakamwishia. Huyo staa hakufika, hakutuma hata salamu.

Mwaka huu ametoa albamu nzima ya kumuenzi "mwalimu wangu mpendwa." Kwenye picha amepiga magoti amekumbatia gitaa, macho amefumba kama mtu anayeumwa jino. Na wimbo aliouweka mbele ni upi? Huo huo wa ndama! Ameupata kwenye kaseti, akadhani anasifiwa. Nilimsikia akihojiwa: "Yule ndama ni mimi. Mwalimu alinipenda kuliko wote." Mtangazaji naye akaguna kwa huruma. Nilicheka pale getini mpaka supavaiza akaniuliza kama jua limenipiga.

Kicheko kiliisha Ijumaa iliyopita. Tulikuwa tumetoka ibada kule Mesaimeer, mwenyekiti wa kamati yetu ya Wakenya, dada mmoja muuguzi, akanishika mkono mbele ya watu.

"Kumbe wewe ndiye mtoto wa Mwalimu, na umenyamaza! Jamaa anakuja kutuimbia Ijumaa ijayo. Tumepata ukumbi kule Fereej Bin Mahmoud. Wewe utapanda jukwaani umvishe kofia kwa niaba ya mzee."

"Dada, mtafute mtu mwingine."

"Usituaibishe, ndugu yangu. Ni baraka tu. Dakika moja."

Baraka! Nimbariki mwizi ambaye hata tusi lake amelibeba kichwani kama taji?

Chumbani nilimsimulia Mganda tunayelala naye. Alicheka mpaka akapiga ukuta. "Ssebo, panda! Chukua maikrofoni, waeleze huyo ndama ni nani. Atarudi Nairobi amejificha ndani ya gitaa."

Nikaona amesema kweli. Niliyapanga maneno yangu yote. Halafu nikampigia mama, nikidhani atafurahi.

Akasema, "Baba yako tangu augue hajacheka. Sasa huo wimbo ukianza redioni, anacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo mpaka uji unamwagika."

"Mama, unajua anachocheka?"

"Kwani mimi nilikuwa wapi akiutunga? Kijiji kizima kinajua. Jirani wanakuja hapa na viti vyao kumsikiliza huyo mjinga akijitukana. Wewe mvishe kofia, utabasamu, unyamaze. Ukimfungua macho atautoa huo wimbo, hatauimba tena. Mimi nitamchekesha baba yako na nini?"

Tangu hapo silali vizuri. Nikinyamaza, watu wote wa huku wataniona nimesimama nampa mkono mtu ninayemdharau kuliko inzi wa jikoni, na picha zitazunguka: mtoto wa Mwalimu amembariki. Atazitumia maisha yake yote. Nikisema, nitapoa moyo kwa jioni moja, na kule nyumbani redio itanyamaza, mzee abaki anatazama ukuta.

Wenye kunitukana nitukaneni, nimezoea. Lakini wenye wazazi wagonjwa, mniambie: Ijumaa nimvishe huyo ndama kofia nikitabasamu, au nimwambie yeye ni nani? Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?